Robert Applegarth, Seremala Aliyetetea Chama kwa Vitabu vya Hesabu

Mwaka 1859 mafundi ujenzi wa London walidai siku ya kazi ipunguzwe hadi saa 9. Waajiri walifunga kazi, wakawaacha nje mafundi wapatao 24,000, na kutangaza kwamba hatarudi mtu asiyetia saini hati ya kukana chama cha wafanyakazi. Mwanzoni mwa 1860 hati hiyo iliondolewa, ila saa 9 hazikupatikana, na maseremala wakaona kwamba vyama vidogo vidogo havina ubavu wa kuhimili miezi ya njaa; mwaka huohuo wakaanzisha chama kimoja cha muungano.

Robert Applegarth, mzaliwa wa Hull, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa chama hicho mwaka 1862, kikiwa na wanachama wasiotimia 1,000. Ada ilikuwa shilingi moja kwa wiki, mzigo mkubwa kwa fundi, lakini ilirudi kwake alipougua, alipokosa kazi au alipozeeka. Fao ninaloliona la busara kuliko yote ni la zana. Seremala alikuwa na randa, misumeno na patasi zake mwenyewe, na sanduku hilo likiungua au likiibwa, fundi mzima wa afya aligeuka mtu asiye na kazi hadi apate jingine. Chama kilimlipa. Wapo waliomlaumu Applegarth kwa kusitasita kugoma, lakini nadhani hawakumtendea haki, kwa kuwa akiba hiyo ndiyo iliyompa mgomaji chakula.

Mwaka 1867 akiba zenyewe ziliingia hatarini, mahakama ilipokataa kukisaidia chama cha watengeneza boila kudai pauni 24 zilizozuiliwa na mweka hazina wa tawi la Bradford. Wakati huo tume ya kifalme ilikuwa ikivichunguza vyama, baada ya nyumba ya mfanyakazi mmoja wa Sheffield kulipuliwa kwa baruti, kitendo kilichohusishwa na vyama hivyo. Applegarth alifika mbele yake akiwa na kanuni na hesabu za chama chake, akaeleza kilichokusanywa na kilicholipwa. Sheria ya 1871 ilivihalalisha vyama na kulinda fedha zao, ingawa sheria nyingine ya mwaka huohuo ilibana mno wagomaji waliosimama nje ya milango ya kazi, na haikufutwa hadi 1875.

Applegarth aliacha ukatibu mwaka huohuo wa 1871, wanachama wakiwa wamefikia takriban 10,000. Alifariki mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 90.