Kilo 30 za mafuta na mkono uliozoea

Watu wakijua we ni rubani, swali la kwanza ni kama unaogopa. La pili siku hizi ni "ati kampuni zinawanyima mafuta?" Jana asubuhi hapa Magongo, Mombasa, tuko kwenye mahamri na mbaazi, jirani yangu kaniuliza hilo hilo nikamjibu juu juu tu, lakini halijanitoka kichwani, kwa hivyo wacha nilieleze vizuri.

Hakuna anayetunyima. Karatasi ya safari inakuja na hesabu yake: mafuta ya njia, asilimia 5 juu yake kwa mambo madogo madogo, mafuta ya kufika uwanja wa akiba huku kukiwa hakutuliki, alafu dakika 30 za mwisho ambazo hutakiwi kuzigusa kabisa. Mvutano uko kwa kile kapteni anachoongeza juu ya hapo. Kampuni inasema usibebe usichohitaji manake mafuta yanabebwa kwa mafuta, na hilo ni kweli, kwa ndege za saizi yetu tani moja ya ziada inakula kama kilo 30 mpaka 40 kila saa kwa kule kubebwa tu. Safari ya masaa 8, kama robo ya ile tani ama zaidi imeisha njiani. Hapo kampuni ina haki yake.

Sasa njoo Nairobi kuja Mombasa. Angani hata saa haifiki, kwa hivyo ile tani inanigharimu kilo 30 hivi, na inanipa kama dakika 25 za kuzunguka juu nikingoja wingu la masika litoke Changamwe, uwanja wetu ulipo. Malindi iko jirani lakini barabara yake ya kuruka na kutua ni fupi kwetu, so ukishindwa hapa ni Zanzibar, ama Kilimanjaro, ama urudi Nairobi ulikotoka. Kijana wa mafuta akiniuliza "Kapteni, ngapi leo?", mwezi wa tano naongeza na sababu naiandika. Januari kaskazi inavuma mbingu ziko wazi, nachukua ya karatasi. Kinachoniuma ni ile chati ya kila mwezi ya nani ameongeza mafuta mara ngapi, manake chati haionyeshi mvua.

Mengine sina ubishi nayo. Kushuka moja kwa moja injini zikiwa zimepunguzwa mpaka chini kabisa, unaanza kama kilomita 165 kabla, yaani hata Voi hujafika, hiyo ni akiba na ni raha pia. Kutembea chini kwa injini moja pia sawa, pale penye foleni ndefu. Hapa Mombasa hapana foleni, na injini ya pili lazima ipashwe moto dakika kadhaa kabla ya kuruka, sasa utakuwa umeokoa nini? Na kuna ile injini ndogo ya mkiani inayotupa umeme na hewa baridi tukiwa tumeegesha, inakula kama kilo 100 kwa saa, tunaambiwa tuchelewe kuiwasha. Mwezi wa tatu, nje joto 33, kwa dirisha la mbele namuona bibi wa watu anapandishwa ngazi akishikwa mkono, baibui limemganda mgongoni. Naiwasha. Sitaki hata kujadiliana.

Lakini linaloninyima usingizi ni rivasi. Ndege ikishatua tunavuta rivasi, upepo wa injini unageuzwa uelekee mbele kusaidia breki. Siku hizi breki za kaboni ni imara sana, kwa hivyo kampuni nyingi zinataka uivute mpaka hatua ya kwanza tu, ile ya injini kunguruma chini chini, na flapu, yale mapande ya nyuma ya mabawa yanayoshushwa ndege itue kwa mwendo mdogo, uzishushe pungufu kidogo, unaokoa mafuta na injini. Barabara ikiwa kavu na ndefu, sawa kabisa.

Tarehe 23 Septemba 1999, Boeing 747 ya Qantas ilitua Bangkok usiku kwenye mvua kubwa, watu 410 ndani. Utaratibu wao wa kawaida tangu Desemba 1996 ulikuwa huo huo, flapu pungufu na rivasi ya chini, ulioletwa kubana gharama. Walichelewa kugusa chini, kapteni akaamua warudi juu kisha akabadili nia, na kwenye ile hekaheka rivasi haikuvutwa kabisa na hakuna aliyegundua, ndege ikapita mwisho wa barabara. Hakuna aliyeumia vibaya, alhamdulillahi. Uchunguzi ulisema marubani hawakuwa wamefunzwa vya kutosha kuhusu barabara iliyojaa maji.

Mimi nimeielewa ile ripoti siku iliponipata mwenyewe. Mwezi wa tano, kusi limeanza, tunatua hapa Mombasa kwenye barabara namba 21, maji yanarukaruka kwenye taa. Tulikuwa tumeshakubaliana kwa mdomo: flapu zote, rivasi kamili. Magurudumu yakagusa, nikavuta, mkono ukafika hatua ya kwanza ukasimama. Pale pale ulipozoea kusimama kila siku kwa miaka. Sikuusimamisha mimi. Rubani msaidizi wangu, dada mdogo tu bado hata mwaka hajamaliza, akasema "Kapteni, kamili!" ndo nikavuta mpaka mwisho. Barabara yetu ina zaidi ya kilomita 3 kwa hivyo tulisimama mapema, lakini nilipoegesha nilimshukuru mbele ya wenzetu wote.

Tangu siku hiyo, mara moja moja, hata jua linawaka na barabara kavu, namwambia mwenzangu kabla ya kushuka kwamba leo ni kamili, na naivuta mpaka mwisho ili mkono usisahau njia. Ofisini wanaiona kwenye data, na wakiniuliza nitawaambia hivi hivi nilivyowaambia nyinyi.