Kilemba cha ukoka katika sheria ya Kiyahudi

"Uongo umekatazwa, kwa hiyo kila sifa iliyotiwa chumvi ni dhambi." Wanaosema hivi hushika Kutoka 23:7, aya inayoamuru kujitenga na neno la uongo. Hata wafuasi wa Shammai, mwalimu wa Kiyahudi wa kale, waliishika hiyohiyo walipobishana na wafuasi wa Hillel, mwalimu mwenzake: watu wanaocheza mbele ya bibi harusi waimbe nini? Asifiwe vile alivyo, wakasema hao wa Shammai. Akiwa kiwete au kipofu, utamwitaje mzuri? Upande wa Hillel ukajibu kwamba kila bibi harusi aimbiwe ni mzuri na ana haiba. Hoja yao waliitoa sokoni: mtu akishanunua kitu kibovu, utakisifia mbele yake au utakiponda? Bidhaa imeshalipiwa, na nadhani hapo ndipo penye nguvu ya hoja, kwani sifa haimwingizi tena mtu hasarani. Mwanasheria Yosef Karo aliufuata upande huo katika Shulchan Aruch, kitabu chake cha sheria za Kiyahudi, kilichochapwa Venice mwaka 1565.

"Basi kumsifia mtu hakudhuru." Kunadhuru, hasa mwenye kusifiwa akiwa na cheo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasimulia jinsi Mfalme Agrippa alivyosoma Torati mbele ya umati. Alipofika Kumbukumbu la Torati 17:15, panapokatazwa kumtawaza mgeni, machozi yakamtoka, maana ukoo wake wa Herode ulikuwa na asili ya Edomu. Watu wakampigia kelele: usiogope, wewe ni ndugu yetu! Ungedhani ni huruma tu. Talmudi, kitabu kinachoifafanua Mishna, inasema saa ileile taifa lilistahili kuangamizwa, kwa kumvika mfalme kilemba cha ukoka. Ukurasa unaofuata unawataja wanaojipendekeza, pamoja na wenye dhihaka, waongo na wasengenyaji, kuwa makundi 4 yasiyoupokea uwepo wa Mungu. Chawa wa wanasiasa wetu wasome kurasa hizo za Talmudi, Sota 41b na 42a.

Marehemu je, si husifiwa bila kipimo? Hapana. Karo anaruhusu fadhila zake ziongezwe kidogo tu, na asiyekuwa nazo asibuniwe.

Wengine huona maneno matupu ya ukarimu hayana hatia. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, anakataza kumng'ang'aniza mtu ale kwako ukijua hatakula. (Sisi wa "karibu chakula" huku sufuria limeshaoshwa tungepata taabu.) Hata pipa la divai unalolifungua kwa ajili ya kuuza, usimwache mgeni adhani umelifungua kwa heshima yake, awe Myahudi au asiwe.