Leta dawa zote kliniki, hata zile usizozimeza

Wagonjwa wa kliniki ya moyo wanalalamika: kwa nini mfamasia anawarudisha kwa daktari na cheti mkononi?

Hivi karibuni mama mmoja wa Ukerewe, aliyevuka na kivuko cha asubuhi, alifungua fundo la kanga kwenye dirisha langu la dawa. Ndani yake kulikuwa na enalaprili (dawa ya moyo na shinikizo la damu) tuliyompa sisi, enalaprili ya kituo kingine yenye jina jingine la kibiashara, spironolaktoni (dawa ya moyo inayopunguza maji mwilini), na diklofenaki ya maumivu ya magoti. Zote alizimeza kwa uaminifu. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Enalaprili maradufu pamoja na spironolaktoni inaweza kupandisha madini ya potasiamu kwenye damu mpaka mapigo ya moyo yavurugike. Diklofenaki nayo huzuia chumvi na maji yasitoke mwilini, huumiza figo, na hupunguza nguvu ya furosemidi, dawa inayotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Hakuna daktari aliyekusudia mchanganyiko huo. Kila mmoja aliona cheti chake tu.

Hapo kosa ni letu watoa huduma. Ndiyo maana mfamasia akiona dosari hairekebishi kimyakimya. Anasimamisha dawa, anamtafuta aliyeandika cheti, wanakubaliana, badiliko linaandikwa kwenye faili na kusainiwa, kisha cheti kinarudi dirishani. Msubiri, jamani. Huo si usumbufu.

Na hili la "nimemaliza dozi" tuliache. Dawa mseto ya malaria humezwa siku 3. Ya moyo uliotanuka haikomi kwa sababu pumzi imerudi. Pumzi imerudishwa na hiyo dawa.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asinunue metronidazoli ya tumbo, iwe Kirumba au Igoma hapa Mwanza, kabla ya kutuuliza. Zikikutana, damu huwa nyepesi kupita kiasi. Wengi tunawataka wawe na INR, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda, ya 2 hadi 3. Ikipanda sana, mtu anaweza kuvuja damu hata kichwani. Wenye maduka mnaouza dawa za cheti bila cheti, Baraza la Famasia lina mamlaka ya kuwachukulia hatua, hadi kufuta kibali.

Siku ya kliniki njoo na paketi zenyewe, si vidonge vilivyochanganywa kwenye bahasha. Na kama furosemidi ya asubuhi huimezi kwa kuogopa mkojo ukiwa safarini, sema bila aibu. Tusipojua, daktari atadhani dawa imeshindwa, ataongeza nyingine. Tukijua, tutakupangia saa ya kuimeza ukishafika.