Maji ya Chini Yakivutwa Kupita Kiasi: Ardhi Kudidimia na Matetemeko

Tarehe 11 Mei 2011 tetemeko la ukubwa wa 5.1 liliua watu 9 mjini Lorca, Hispania. Ukubwa huo ni wa kadiri tu, lakini ufa, yaani mpasuko mkubwa kwenye mwamba, uliteleza kilomita chache tu chini ya mji. Katika bonde la jirani, Alto Guadalentín, uvutaji wa maji ya kumwagilia mashamba ulikuwa umeshusha usawa wa maji ya chini kwa takriban mita 250 tangu miaka ya 1960.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mzigo huo ukiondolewa kwa mamilioni ya tani, mwamba hunyanyuka kidogo na mbano kwenye ufa hubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa sehemu zilizoteleza Lorca zinalingana na mabadiliko hayo. Ieleweke vizuri: nguvu ya tetemeko hutoka kwenye mabamba ya dunia (vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu) yanayosukumana. Uvutaji wa maji huweza kuharakisha mtelezo wa ufa ambao tayari umejaa mkazo. Mahali pasipo na ufa wa namna hiyo, uvutaji hautengenezi tetemeko.

Kudidimia kwa ardhi, kwa upande wake, hakuhitaji ufa wowote. Maji yaliyo kati ya chembe za udongo husaidia kubeba uzito wa juu. Yakipungua, chembe hujibana. Mchanga huweza kurudia hali yake maji yakijaa tena, ila udongo wa mfinyanzi ukishabanwa haurudi, na nafasi ya kuhifadhi maji imepotea moja kwa moja. Karibu na Mendota, California, ardhi ilishuka takriban mita 9 kati ya 1925 na 1977. Tokyo ilidhibiti uvutaji kwa sheria na kasi ya kudidimia ikapungua sana, lakini maeneo yaliyoshuka chini ya usawa wa bahari yamebaki hukohuko.

Mwenye kisima kirefu apime kina cha maji kila mwezi. Zima pampu usiku kucha, asubuhi teremsha kamba ya vipimo kutoka alama ileile mdomoni mwa bomba, kisha andika. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, maana kiangazi na masika havilingani. Bomba likianza kuchomoza juu ya sakafu ya zege, si bomba lililopanda, ni udongo ulioshuka. Hapo punguzeni saa za pampu kwa visima vyote vya eneo. Kuongeza kina cha kisima kimoja huzidisha kudidimia.