Engo inayovutwa: unene hauondoi wembamba

Ghala lenyewe liko njia ya Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Aliyeniita ni fundi mkuu, mtu mzima ambaye huwa namwamkia shikamoo kabla hatujakunjua michoro. "Injinia," akaniambia, "kusi ikivuma, vyuma hivi vya mshazari vinatetemeka mpaka nati zinalegea. Tuweke vya unene wa milimita nane." Nikapanda ngazi, nikaipiga kwa kiganja engo moja, yaani chuma chenye umbo la herufi L. Ilitikisika muda mrefu kabla ya kutulia.

Kwa nguvu, haikuwa na kasoro. Engo ya 50 × 50 × 5, yaani mabawa mawili (pande za L) ya milimita 50 yenye unene wa 5, ina eneo la mkato la milimita za mraba 480. Kwa chuma cha megapaskali 250, mkato mzima hustahimili kilonyutoni 120, karibu tani 12, ndipo chuma kianze kurefuka kisirudi tena. Ondoa tundu la bolti, punguza tena kwa kuwa umefunga bawa moja tu, bado inabaki akiba kubwa. Tena chuma kinachovutwa hakijikunji. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya majengo ya chuma, AISC 360, haikiwekei kikomo cha wembamba. Inashauri tu kwamba urefu ukigawanywa kwa nusukipenyo cha mzunguko (kipimo cha jinsi chuma kilivyotawanyika mbali na kitovu cha mkato), jibu, ambalo ndilo wembamba, lisizidi 300.

Wengi huliruka neno "inashauri". Mimi siliruki, hasa pwani. Upepo ukigeuka, chuma kilichokuwa kikivutwa hugandamizwa, na kikiwa chembamba mno hulegea, kisha hukazwa tena kwa mshtuko. Kabla hata ya hapo, chuma kirefu hushuka katikati kwa uzito wake: urefu ukiwa maradufu, kushuka huongezeka mara 16.

Sasa kosa lenyewe. Urefu ulikuwa mita 4. Aliyesanifu alichukua kwenye jedwali nusukipenyo cha mhimili (mstari ambao chuma hupinda kuuzunguka) ulio sambamba na bawa, milimita 15.1, akapata 265, akaridhika. Lakini engo haina wajibu wa kupinda tunakotaka sisi. Hupinda kuzunguka mhimili wake dhaifu kuliko yote, ule unaokata mshazari kutoka bawa moja hadi jingine, na huo una milimita 9.73 tu. Jibu la kweli ni 411. Nimeliona kosa hili mara nyingi, na linaniuma, kwa sababu safu sahihi ipo kwenye jedwali hilo hilo.

Na ile milimita nane? Nusukipenyo chake ni 9.61. Unene hujaza chuma palepale kilipo, hausogezi chuma mbali na kitovu. Wembamba unafika 416, na uzito unatoka kilo 3.77 kwa mita hadi 5.82. Kinachosaidia ni upana wa bawa: 75 × 75 × 6 ina milimita 14.7, na wembamba unashuka hadi 272.

Hatukununua chochote kati ya hivyo. Engo zile zilipishana kama herufi X bila kushikana. Tuliweka kipande cha bati penye makutano, chenye unene sawa na bamba la kiungio linaloshika ncha za engo, tukazifunga kwa bolti. Urefu huru ukawa mita 2, wembamba 206. Fundi alisisitiza tupake rangi nyuso zinazogusana kabla ya kukaza, maana chumvi ya bahari ikishaingia kwenye mwanya ule, brashi haiifikii tena.