Fulana za Jubilei na Mwaka wa Shule

Wiki iliyopita kamati nyingine ya jubilei ilinipigia simu. "Mtaalamu, tupe mwaka shule ilipoanzishwa, tunachapisha fulana." Nikauliza: mwaka upi? Kimya. Kisha: "Basi, ule wa kwenye cheti cha usajili." Wakakata simu, fulana zikachapwa.

Kazi yangu ni kumbukumbu za shule, na hakuna imani inayonichosha kama hii ya kudhani shule huzaliwa siku moja, kama mtoto.

Tazameni shule shikizi za Tanzania, zile zinazofundisha chini ya shule nyingine kabla ya kupata usajili wake. Wazazi wamechoka kuona watoto wakivuka korongo wakati wa masika. Wanasafisha kiwanja, wanasimamisha nguzo, kijana wa kujitolea anaanza na awali na darasa la kwanza. Kwenye karatasi watoto hao ni wa shule mama ng'ambo ya korongo, na majina yao yamo kwenye rejista ya huko. Wananchi wanapandisha boma, likifika usawa wa lenta wanaisubiri halmashauri imalizie. Mabati yakija, matundu ya vyoo hayatoshi. Vyoo vikitosha, hakuna nyumba ya mwalimu. Namba ya usajili inatoka wakati wale watoto wa mwanzo wako mbali kimasomo, na wengine wamemaliza la saba kwa jina la shule nyingine. Kwa hesabu ya cheti, waliosomea chini ya zile nguzo hawakusoma pale kabisa. Nendeni mkawaambie hivyo, mie simo.

Vyuo vikuu vina kigugumizi hichohicho. Makerere ilianza 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi 14. Dar es Salaam ilianza 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, tena chini ya Chuo Kikuu cha London. Nairobi ndiyo hunichekesha: hati ya kifalme 1951, wanafunzi 1956. Vyote vitatu vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokuwa kimeviunganisha kilipovunjwa. Je, ni mapacha watatu? Waulizeni wahitimu wa Makerere kama wanakubali.

Zamani nilikuwa na jibu langu: hesabu kuanzia somo la kwanza. Nililitetea kwa kelele mpaka nilipofika pwani. Huko chuo kilikuwa kitabu kabla hakijawa jengo, na chuoni ndiko mtoto alikopelekwa kusoma Kurani. Shule ni neno tulilolipokea kwa Wajerumani. Kwa kipimo changu, kila baraza lenye mwalimu na mikeka ilibidi liingie kwenye orodha. Lakini mwalimu akifariki, mwanafunzi wake akaendelea kufundisha nyumba ya tatu, hicho ni chuo kilekile au kipya? Nimebadili jibu mara tatu, na hili la sasa nalo silipendi.

Jana kamati ile imepiga tena. Kuna mzee amejitokeza na daftari lake la hesabu, anadai alisoma pale miaka minne kabla ya mwaka ulio kwenye fulana. Wanauliza wamfanyeje. Nimewaambia wampe fulana moja, na kalamu ya wino mzito.