Kupachika diski kwenye seva ya Linux: maana yake hasa

Umechomeka diski mpya kwenye seva, ukaandika `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, na hiyo hapo: `sdb`, ukubwa wake kamili. Ukiandika `df -h`, inayoonyesha nafasi inayoweza kutumika, haimo. Wengi hapa huanza kudhani diski ni mbovu. Si mbovu. Mfumo umeitambua kama kifaa, ila bado haina mahali pake, na kuipa mahali ndiko kunakoitwa kupachika (mount).

Aliyezoea Windows anajua kila diski ina herufi yake, C, D, E, nayo hujitegemea. Linux, kwa desturi iliyorithiwa kutoka Unix, haina herufi hizo. Ina mti mmoja tu wa saraka (folda), unaoanzia kwenye mzizi, `/`, na faili yoyote unayotaka kuifikia lazima iwe kwenye tawi fulani la mti huo. Kupachika ni kuuchukua mfumo wa faili, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili, uliomo ndani ya diski na kuushikiza kwenye saraka uliyoichagua, tuseme `/data`. Tangu hapo, chochote kinachoandikwa ndani ya `/data` huenda kwenye diski mpya, na programu inayoandika haina habari kwamba imehamia diski nyingine.

Kinachopachikwa, basi, ni mfumo wa faili, si kile kifaa chenyewe. Ndiyo maana diski iliyotoka dukani, ikiwa haina kitu ndani, inakataa. Kwanza igawe kwa `fdisk` au `parted`, ukitumia GPT, aina ya jedwali linaloorodhesha vipande vya diski, kwa sababu lile la zamani la MBR kwa kawaida haliwezi kuvuka TiB 2. Kisha kiumbie mfumo wa faili kipande ulichokipata, `/dev/sdb1`. Amri ya kwanza hapa chini hufuta kilichokuwepo, kwa hiyo soma jina la kifaa mara mbili kabla ya kubonyeza:

`sudo mkfs.ext4 /dev/sdb1`
`sudo mkdir /data`
`sudo mount /dev/sdb1 /data`

Ukiona nafasi imepungua kidogo kuliko ulivyotarajia, usishangae: ext4, aina ya mfumo wa faili tuliyoiumba, kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu, root.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni hili: kupachika hufunika. Kama `/data` ilikuwa na faili zake kabla, ukishapachika hutaziona tena. Hazijafutwa. Zimelala chini ya diski mpya, na bado zinakula nafasi kwenye diski ya zamani. Ukiandika `umount /data` zinarudi zote kama zilivyokuwa.

Sasa geuza hali hiyo. Seva imewashwa upya, diski haikupachikwa, lakini saraka `/data` bado ipo, tupu. Programu yako inaandika humo bila kulalamika, na kumbe inaijaza diski kuu. Siku diski mpya ikipachikwa, data zote za kipindi hicho zinafunikwa, na unaanza kutafuta kilichopotea. Kinga yake ni rahisi na naipenda sana: kabla ya kupachika, wakati saraka ingali tupu, andika `sudo chattr +i /data`. Saraka hiyo hufungwa, hata root hawezi kuunda faili ndani yake, lakini diski bado inapachikika juu yake. Programu ikikosa diski, itapiga kelele mara moja.

Amri ya `mount` peke yake haidumu. Seva ikizimwa, imekwisha. Ili idumu, ongeza mstari kwenye `/etc/fstab`, faili inayoorodhesha vya kupachikwa seva ikiwaka:

`UUID=... /data ext4 defaults,nofail 0 2`

UUID, kitambulisho cha kudumu cha mfumo wa faili, unaipata kwa `sudo blkid /dev/sdb1`. Usiandike `/dev/sdb1` hapo. Majina hayo hugawiwa kwa jinsi vifaa vinavyotambuliwa wakati wa kuwaka, kwa hiyo `sdb` ya leo inaweza kuamka kesho ikiwa `sdc`. Neno `nofail` nalo lina kazi kubwa: bila hilo, diski ikikosekana, seva nyingi zenye systemd (programu inayosimamia uwashaji) husubiri sekunde 90, kisha huingia hali ya dharura, na wewe uliye mbali huwezi kuifikia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali.

Usiwashe seva upya ili kujaribu. Bandua diski kutoka `/data` kwanza, bila kuichomoa, kisha iache fstab yenyewe ifanye kazi:

`sudo umount /data`
`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo mount -a`

Ikinyamaza, na `findmnt /data` ikakuonyesha diski yako, mstari uko sawa. Ikikuambia kuwa `/data` inatumika, mara nyingi ni wewe mwenyewe umesimama ndani yake. Andika `cd /` ujaribu tena. Mwisho, umiliki wa saraka ubadilishe kwa `chown` baada ya kupachika. Ukiufanya kabla, utakuwa umebadilisha saraka iliyofunikwa, na programu itaendelea kunyimwa ruhusa.